Mjane wa mchungaji hapotezi kiti chake

Wengi hudhani mama mchungaji huongoza kwa jina la mumewe tu, na mume akifa, nafasi yake nayo imezikwa. Si kweli. Elizabeth Coles Bouey, Mmarekani Mweusi aliyewahi kuwa mmisionari Liberia, alianzisha mwaka 1941, huko Richmond, Virginia, umoja wa wake wa wachungaji wa madhehebu mbalimbali. Leo umoja huo unawataja wajane ndani ya jina lake lenyewe.

Nalikazia hilo la wajane, maana nyumba ya mchungaji mara nyingi ni mali ya kanisa. Matanga hayajapoa, mama anafunga vyombo kwenye maboksi, funguo zinamsubiri mchungaji mpya. Hapo ndipo anapowahitaji wenzake waliokwisha kuzikabidhi funguo kama hizo.