Nani Mwakilishi Wadi Wako?

Mwezi jana tulikuwa kwenye ukumbi wa kanisa katika mji mmoja wa Pwani ya Kenya, tukifunza vijana mambo ya uraia. Nikaomba anyooshe mkono aliyewahi kusambaza hashtagi ya kisiasa. Mikono yote ikapanda. Nikauliza tena: nani anajua jina la mwakilishi wadi wake? Kimya. Barobaro mmoja wa mbele, mwenye stika ya "wantam" (yaani rais akae muhula mmoja tu) mgongoni mwa simu yake, akatafuta mtandaoni na kutusomea jina kwa sauti. Mama aliyekuwa akigawa chai akaangua kicheko. Huyo aliyetajwa alibwagwa kwenye uchaguzi wa 2022.

Kijana yule si mzembe. Juni 2024 alikuwa barabarani akiandamana kupinga nyongeza za ushuru, na kizazi chake kilifanya jambo ambalo sisi wakubwa hatukulitarajia. Waliusoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakaufafanua kwa lugha za nyumbani, wakawapigia wabunge simu mpaka wakazizima. Tarehe 25 waandamanaji waliingia Bungeni, watu wakauawa kwa risasi, na kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi. Basi nani atasema kelele za mtandaoni hazina kazi? Zilikuwa na kazi, kwa kuwa nyuma yake kulikuwa na watu wenye mswada mkononi.

Kilichofuata hakikupata mashabiki. Desemba mwaka huohuo kulitiwa sahihi sheria ya kurekebisha sheria za ushuru, na ndani yake mlikuwa na baadhi ya mapendekezo yaleyale, mathalani ushuru kwa wageni wasio na ofisi nchini wanaochuma pesa kwa Wakenya kupitia mtandao. Huenda pendekezo hilo ni zuri tu. Lakini la kujadiliwa lilikuwepo, na wengi wetu tulikuwa tumeshahamia hashtagi nyingine.

Tatizo langu na majina haya ya msimu ni kwamba karibu yote yanamhusu mtu mmoja. 2022 ulikuwa "hasla", mlalahoi anayehangaikia riziki, au ulikuwa upande wa "dynasty", familia kubwa za kisiasa. Leo ni "wantam" au "tutam", yaani mihula miwili. Yote yanajibu swali la urais. Ukifika kituoni, kidole kikishatambuliwa na mashine, unapewa karatasi sita, kila moja na rangi yake: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake, mwakilishi wadi. Hizo tano nyingine nimeona watu wakizipigia kura kwa kufuata rangi ya chama, wengine kwa kumkumbuka aliyewachekesha TikTok.

Mwakilishi wadi, ambaye nchi nzima wanachaguliwa 1,450, ndiye anayepitisha bajeti ya kaunti yako. Makadirio ya bajeti hiyo hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka, na Kifungu cha 196 cha Katiba kinalilazimu bunge hilo kuwashirikisha wananchi. Nilihudhuria kikao kimoja cha kutoa maoni, kaunti siitaji. Tulikuwa 19, makarani wakiwemo. Mzee mmoja alikuja na daftari la shule, akafungua ukurasa aliouwekea kijiti cha kiberiti, akauliza kwa nini zahanati ya kijijini kwao imetengewa pesa miaka miwili mfululizo na bado haina mlango. Hakuna aliyemrekodi. Karani aliandika, na mwenyekiti wa kamati akaomba alione lile daftari.

Uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Katika daftari la wapiga kura la 2022 lililokuwa na majina 22,120,458, vijana wa miaka 18 hadi 34 walikuwa wachache kuliko 2017. Kama hujajiandikisha, chukua kitambulisho uende kwenye ofisi ya tume ya uchaguzi, IEBC, ya eneo bunge lako. Kama umehama, omba uhamishiwe kituo, maana mwakilishi wadi wa ulikotoka hatakukarabatia barabara ya unakoishi.

Yule barobaro, kabla hatujafunga ukumbi, alikuwa ameshapewa namba ya mwakilishi wadi wake na mama wa chai. Akapiga, haikupokelewa. Akaandika ujumbe mfupi, akanionyesha: "Mheshimiwa habari. Barabara ya kwetu imewekewa shilingi ngapi mwaka huu?"