Sahihi ya Meja Juu ya Bahasha Si Hazina

Kila mwenye bahasha ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani (1861–1865) anayenijia kuiuza huwa ameshapiga hesabu. Kuna sahihi ya afisa juu ya bahasha, kwa hiyo barua ni ya afisa, kwa hiyo leta bei ya afisa. Nimechoka kulisikia.

Julai 1861 Bunge la Marekani liliwaruhusu askari kutuma barua bila kulipia kwanza. Senti 3 alidaiwa mpokeaji. Sharti lilikuwa bahasha ioneshe kuwa ni barua ya askari, itaje rejimenti (kikosi) yake, na meja au anayekaimu nafasi yake atie sahihi. Kasisi wa rejimenti naye alitia mara nyingi. Sasa itazame bahasha yako. Haina stempu, pembeni pamegongwa "Due 3", anwani ina mwandiko wa kujikongoja, halafu jina la meja limeandikwa kwa mkono mwingine kabisa. Hiyo ni barua ya askari wa kawaida. Afisa mwenye kamisheni hakuwemo kwenye nafuu hiyo. Barua zake alizilipia. Yaani sahihi unayoitegemea ndiyo inayokukana! Mimi binafsi barua hizo nazipenda kuliko za majenerali, kwa kuwa askari aliandika njaa na matope bila kujipamba. Ila bei yake ni nyingine.

Wengine hushikilia kwamba karatasi kuukuu na wino wa kahawia vinatosha kuthibitisha kuwa barua ni halisi. Robert Spring wa Philadelphia alighushi barua za George Washington na Stonewall Jackson, jenerali wa Kusini katika vita hivyo, katika karne hiyohiyo ya 19, akitumia kurasa tupu za vitabu vya zamani. Anza na tarehe: Jackson alifariki 10 Mei 1863, basi barua yake ya 1864 usihangaike kuniletea.

Amri yenye jina la jenerali? Soma juu ya sahihi. Ikiwa imeandikwa "kwa amri ya", aliyesaini ni msaidizi wake. Amri Namba 9 ya Robert E. Lee, jenerali wa Kusini, ya kuliaga jeshi lake Aprili 1865, ni kweli alisaini nakala kadhaa kwa mkono wake, lakini zipo pia za kuchapwa kiwandani.

Na tafadhali, msikate sahihi mkatupa barua, msibandue stempu kwa mvuke, wala msipeleke kitu kwenye laminesheni (kufunikwa kwa plastiki). Tepu ya gundi nayo ikae mbali.