Flashi haisaidie foto ya kuuzisha

Hapa Goma batu mingi banasema ukitaka kuuzisha kitu ku mnada wa intaneti, lazima telefone ya bei na flashi kali. Hapana bwana, yenye uko nayo inatosha, shida ni mwangaza. Flashi ni taa ndogo yenye inapiga kutoka mbele, basi kiatu cha ngozi kinangaa doa nyeupe, kivuli kinakuwa kikali kule nyuma, rangi ya liputa (kitenge) inabadirika, kisha mwenye kununua anasema ulimudanganya (na ako na haki). Sogeza kitu karibu na dirisha yenye jua haiingie moja kwa moja, zima na ampuli ya manjano sababu inachanganya kamera. Zumu ya vidole, ku telefone mingi, inakata tu foto na kuikuza, songea karibu weye mwenyewe. Kikombe kiko na ufa? Ufa nao upige foto ya karibu.