Makala za Entebbe zilizolala, na namba ya mtafiti wa ubongo

Wiki iliyopita mwanafunzi wangu wa uzamili aliingia ofisini na laptopu mkononi, uso umemsawajika. "Daktari, huyu niliyetaka anisimamie ana h ya 11 tu. Nimwache?" Alimaanisha indeksi ya h, namba inayopima jinsi makala za mtafiti zinavyonukuliwa na wenzake. Nikamwambia avute kiti.

Swali hilo nalisikia sana hapa Kampala. Niliwahi kukaa katika kamati ya kupandisha watu vyeo ambamo faili la mtafiti wa kifafa lilimalizwa kwa dakika tano. Namba ilisomwa, watu wakatikisa vichwa, hakuna aliyefungua hata makala moja. Nami nilinyamaza. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, ndiyo maana naandika.

Indeksi ya h ilipendekezwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California kule San Diego. Unapanga makala za mtu kuanzia iliyonukuliwa zaidi kushuka chini, na h ni nafasi ya mwisho ambayo makala yake imenukuliwa angalau mara sawa na namba ya nafasi hiyo. Tuseme ana saba, zimenukuliwa mara 41, 19, 12, 6, 5, 3 na 0. Ya tano ina 5, imefika. Ya sita ina 3, haijafika 6. Basi h yake ni 5. Sasa ile ya 41 hata ingenukuliwa mara 4,000, h ingebaki 5 ileile. Tena haishuki mtu anapoacha kuandika, kwa hiyo kumlinganisha kijana wa miaka mitano kazini na profesa wa miaka thelathini ni kumwonea.

Kabla ya kuiamini, tazama majina. Wengi wetu Uganda tunatanguliza jina la ukoo, na mashine huligeuza. Tulipomtafuta yule ambaye mwanafunzi wangu alitaka amsimamie kwenye Scopus, hifadhidata ya makala na nukuu, tukamkuta amegawanyika watu watatu: mmoja jina la ukoo mwanzoni, mmoja mwishoni, wa tatu ana herufi moja tu ya jina la ubatizo. Makala za ubongo wa mtu mmoja, wasifu tatu! Namba ya ORCID, yenye tarakimu 16 na inayomtambulisha mtafiti mmoja tu, ilianzishwa mwaka 2012 kwa ajili ya tatizo hilihili. Kila mwanafunzi wangu huichukua kabla ya makala yake ya kwanza. Na usichanganye vyanzo: Google Scholar huhesabu hata tasnifu na ripoti, kwa hiyo h ya huko huwa kubwa kuliko ya Scopus.

Lakini jambo lililomtuliza mwanafunzi wangu ni habari ya msitu ulio kando ya barabara ya kwenda Entebbe. Aprili 1947, watafiti wa homa ya manjano walikuwa wameweka nyani wa majaribio katika kizimba juu ya mti, ndani ya Msitu wa Zika. Mmoja, namba 766, akapata homa. Damu yake ikadungwa kwenye ubongo wa panya wa maabara, panya wakaugua. Mwaka 1952 George Dick, Stuart Kitchen na Alexander Haddow wakachapisha habari za kirusi hicho kipya, kilichopewa jina la msitu, Zika. Mwaka huohuo Dick akatoa makala ya pili, akionyesha kwamba ndani ya panya kirusi hukimbilia ubongo.

Ubongo! Na bado kwa miongo mingi makala hizo zilinukuliwa mara chache mno. Kisha Brazil ikaanza kuona watoto wanazaliwa na vichwa vidogo, na Februari 2016 Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura. Ghafla kila aliyeandika kuhusu Zika alirudi Entebbe ya 1952. Anthony van Raan wa Leiden alikuwa ameshazipa makala za namna hiyo jina mwaka 2004: warembo waliolala. Na kile kipimo maarufu cha jarida, kinachohesabu mwaka huu nukuu za makala za miaka miwili iliyotangulia tu, hakikuona lolote katika mwamko huo.

Nukuu pia si sifa. Mwaka 2017 makala moja ilihusisha ugonjwa wa kutikisa kichwa, uliotesa watoto wa Kitgum na Pader, kaskazini mwa Uganda, na kinga ya mwili inayopigana na minyoo ya usubi kisha ikageukia neva. Wengine waliinukuu wakijenga juu yake, wengine wakiipinga. Mashine hujumlisha wote. Na muuguzi wa kijijini anayegawa dawa ya ivermectin kwa sababu ya tafiti za usubi hamnukuu mtu yeyote.

Tulipounganisha zile wasifu tatu, h ilifika 14. Mwanafunzi hakuishangilia. Aliuliza aanze na makala ipi. Nikamwonyesha iliyonukuliwa mara nne, kuhusu degedege la malaria kwa watoto, tukasogeza viti na kuanza kusoma sehemu ya mbinu.