Wasifu wa kazi wa mwendeshaji wa spidiwei: maana yake na namna ya kuusoma

Wasifu wa kazi wa mwendeshaji wa spidiwei ni maelezo yaliyopangwa ya maisha yake ya ushindani: mwaka na mahali alipozaliwa, klabu alizozitumikia katika kila nchi na kila msimu, wastani wa pointi zake, mataji aliyoyapata peke yake na aliyoyapata pamoja na timu, na mara nyingine majeraha yaliyomweka nje ya mchezo. Msomaji wa Unguja au Pemba ambaye amezoea kusoma wasifu wa wanasoka huona mambo mageni ndani yake. Mtu mmoja huwa na klabu tatu au nne katika mwaka mmoja, wastani wake wa nchi moja haufanani hata kidogo na wa nchi nyingine, na katikati ya safu za namba hutokea msimu mtupu ambao haukuelezwa. Mimi naamini kwamba ukweli wa mwendeshaji umo zaidi katika wastani na katika ile misimu mitupu kuliko katika orodha ya mataji ambayo huwekwa juu kabisa, na ndiyo maana hapa nitakaa zaidi kwenye mambo hayo mawili.

Wasifu huu haueleweki bila ya kuujua mchezo wenyewe. Spidiwei ni mbio za pikipiki ambamo waendeshaji wanne huzunguka mara nne, wakipinda kushoto tu, katika njia yenye umbo la yai iliyotandikwa mchanga wa mawe yaliyosagwa. Kwa mashindano ya kimataifa urefu wa njia hiyo huwa kati ya mita 260 na mita 425, yaani mtu akisimama Gombani, Chake Chake, na kuitazama njia ya wakimbiaji inayouzunguka uwanja, atakuwa anatazama kitu cha ukubwa wa karibu na huo. Pikipiki ina injini ya silinda moja yenye ujazo wa cc 500, inatumia methanoli badala ya petroli, ina gia moja, na haina breki, si ya mbele wala ya nyuma. Mbio moja humalizika kwa muda wa kama dakika moja. Wa kwanza hupata pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, na wa mwisho hatoki na kitu.

Dereva wa chombo cha maringi mawili anayesafiri kila siku baina ya Wete na Chake atauliza mara moja: bila ya breki mtu anapunguzaje mwendo? Jibu limo katika mwili wa mwendeshaji. Anapoifikia kona hukilaza chombo upande wa kushoto, akaliachia ringi la nyuma liteleze kuelekea nje, huku ringi la mbele akiligeuza kulia, kinyume cha kona anayoikata. Mguu wake wa kushoto, uliovishwa kiatu cha chuma juu ya buti, huburura juu ya ardhi ili kumpa mizani. Kuteleza huko ndiko kunakompunguzia mwendo, na mkono wa mafuta ndio unaoamua ateleze kiasi gani. Akiongeza mafuta kupita kiasi, ringi la nyuma humpita naye huanguka. Akiyapunguza mno, ringi hushika ardhi ghafla na chombo kikanyooka kuelekea ukutani. Hapo mwanzo wa mbio mambo ni hayo hayo kwa njia nyingine: wanne husimama nyuma ya tepu zilizovutwa mbele yao, injini zikinguruma, klachi imebanwa kwa vidole vya mkono wa kushoto, macho kwenye tepu, na tepu zinaporuka juu klachi huachiwa. Anayechelewa kidogo tu hufika kona ya kwanza akiwa nyuma, akipigwa na mchanga unaorushwa na walio mbele. Mbio nyingi huamuliwa hapo, na kwa hivyo namba zote zilizomo katika wasifu zimejengwa juu ya vipande vya muda vifupi kama hivyo, vilivyorudiwa mara mamia.

Sasa tuje kwenye wastani. Katika ligi ya Uingereza, pointi zote alizokusanya mwendeshaji hugawanywa kwa idadi ya mbio alizoshiriki, kisha jawabu huzidishwa kwa 4. Nchini Polandi hugawanywa tu, bila ya kuzidishwa. Tuchukue mfano wa mwendeshaji wa kubuni aliyeshiriki mbio 20 na kupata pointi 50. Hamsini kwa ishirini ni 2.50. Wasifu wa Polandi utaandika 2.50, na wa Uingereza utaandika 10.00, naye ni mtu yule yule mwenye kiwango kile kile. Asiyelijua jambo hili atadhani kwamba mwendeshaji huyo alikuwa bingwa Uingereza na mnyonge Polandi. Kikomo cha juu kwa hesabu ya Uingereza ni 12.00 na kwa hesabu ya Polandi ni 3.00. Na kwa kuwa jumla ya pointi za mbio moja ni 6 zinazogawiwa watu wanne, aliye katikati kabisa atakuwa na kama 1.50 kwa kipimo cha Polandi, au kama 6.00 kwa kipimo cha Uingereza. Msomaji akiishika namba hiyo ya katikati, atajua papo hapo nani anaibeba timu na nani anabebwa.

Ndani ya pointi hizo huingizwa pia pointi ya nyongeza. Katika mechi ya timu mbili, kila mbio huwa na wawili wa upande huu na wawili wa upande ule. Mwendeshaji akimaliza nyuma ya mwenzake wa timu huku akiwa amemtangulia mpinzani, huandikiwa pointi moja zaidi katika hesabu yake binafsi, ingawa timu haiipati pointi hiyo. Naipenda kanuni hii kwa sababu ina insafu: bila ya nyongeza, mtu angelazimika kushindana na mwenzake ili aulinde wastani wake, na timu ingeumia.

Wastani si pambo. Nchini Uingereza timu hupangwa kwa kikomo cha jumla ya wastani wa waendeshaji wake, ili klabu moja isiwakusanye wakali wote. Kwa hivyo mwendeshaji aliyefanya vizuri sana msimu mmoja huweza kukosa nafasi katika klabu yake msimu unaofuata, kwa kuwa wastani wake umepanda hata hesabu ya timu haimpokei tena. Ukisoma wasifu ukaona mtu ameondoka katika klabu baada ya mwaka wake bora, usikimbilie kudhani kwamba paligombwa. Pengine ni hesabu tu ndiyo iliyomtoa.

Liko jambo ambalo wastani hulificha, nalo ni aina za sifuri. Katika karatasi za matokeo za Polandi, asiyepata pointi huandikiwa herufi inayoeleza sababu: *u* kwa aliyeanguka, *d* kwa aliyeharibikiwa na chombo, *t* kwa aliyegusa tepu kabla hazijaruka, na *w* kwa aliyeondolewa na mwamuzi. Yule aliyefika wa nne akiwa mzima huandikiwa sifuri ya kawaida. Zote humshusha, lakini sifuri ya injini iliyokufa huku mtu akiongoza si sawa na sifuri ya aliyekuwa nyuma tangu mwanzo hadi mwisho, na wasifu mzuri hutaja msimu ulioharibiwa na vyombo vibovu.

Mataji nayo yanataka kusomwa kwa kuangalia miaka. Ubingwa wa dunia wa mtu mmoja mmoja ulianza mwaka 1936 katika uwanja wa Wembley, London, na aliyeshinda ni Lionel Van Praag wa Australia. Tangu hapo hadi mwaka 1994 bingwa kwa kawaida alipatikana kwa fainali ya siku moja: mwendeshaji alikuwa na mbio tano tu za kuthibitisha kwamba yeye ndiye bora duniani, na mnyororo ukikatika katika mojawapo, mwaka mzima ulikuwa umekwenda. Mwaka 1973, huko Chorzów, Polandi, Jerzy Szczakiel alikuwa Mpolandi wa kwanza kulitwaa taji hilo, baada ya Ivan Mauger wa New Zealand kuanguka katika mbio ya ziada ya kuamua mshindi baina yao. Kuanzia mwaka 1995 ubingwa hupatikana kwa mfululizo wa mashindano ya Grand Prix ambayo pointi zake hujumlishwa katika msimu.

Kwa sababu hiyo, watu watatu wenye mataji sita kila mmoja hawakuyapata kwa njia moja. Mauger, mzaliwa wa Christchurch, New Zealand, alishinda miaka ya 1968, 1969, 1970, 1972, 1977 na 1979, yote kwa fainali za siku moja. Tony Rickardsson wa Uswidi alishinda fainali ya mwisho ya aina hiyo mwaka 1994, kisha akashinda mara tano katika Grand Prix, ya mwisho ikiwa mwaka 2005. Bartosz Zmarzlik wa Polandi ameyapata yote sita katika Grand Prix: 2019, 2020, 2022, 2023, 2024 na 2025, na lile la 2025 alilipata kwa tofauti ya pointi moja mbele ya Brady Kurtz wa Australia. Mimi simwoni mmoja kuwa mkubwa kuliko mwenzake kwa kuhesabu sita na sita. Mauger alihitaji kutokosea kwa siku moja. Zmarzlik alihitaji kutochoka kwa miezi. Katika taji lake la mwaka 2023 Zmarzlik aliondolewa kwenye mashindano ya Vojens, Denmark, kwa kuvaa vazi lisilotakiwa, akakosa pointi zote za siku hiyo, na akabaki bingwa baada ya mashindano ya mwisho ya Toruń, Polandi. Mstari mmoja wa wasifu, "bingwa wa dunia 2023", haukuonyeshi hayo.

Orodha ya klabu ni rahisi zaidi kuielewa. Klabu haimmiliki mwendeshaji kama inavyommiliki mwanasoka. Kwa kawaida yeye ni mtu aliyejiajiri: pikipiki ni zake, mafundi ni wake, na malipo yake hufuata kwa sehemu kubwa pointi anazozipata. Kwa kuwa ligi za Polandi, Uswidi, Denmark na Uingereza hazichezwi zote siku moja ya wiki, mwendeshaji huweza kuzitumikia klabu za nchi zaidi ya moja, akisafiri baina yao msimu mzima. Wasifu wa Mauger una safu fupi ya Uingereza, zikiwamo klabu za Newcastle, Belle Vue, Exeter na Hull. Wasifu wa waendeshaji wa leo hugawanywa kwa nchi, na ni lazima usomwe hivyo, la sivyo msomaji atadhani mtu huyo alihamahama bila ya kutulia.

Inabaki ile misimu mitupu, na hapa naomba msomaji aende polepole. Wakati mwingine utupu ni hiari ya mtu. Bruce Penhall wa Marekani alikuwa bingwa mwaka 1981 na 1982, kisha akaacha kabisa akaingia kwenye uigizaji wa televisheni, na wasifu wake ukakatika akiwa juu. Mara nyingi zaidi utupu ni jeraha. Darcy Ward wa Australia, bingwa wa dunia wa vijana mwaka 2009 na 2010, alianguka huko Zielona Góra, Polandi, mwezi wa Agosti 2015 na kupooza, na safu zake zinaishia hapo. Tomasz Gollob, bingwa wa mwaka 2010, aliumia uti wa mgongo mwaka 2017 katika ajali ya motokrosi, yaani mbio za pikipiki za nje ya barabara, mbali kabisa na njia ya spidiwei. Peter Craven wa Uingereza, bingwa wa mwaka 1955 na 1962, alifariki Septemba 1963 baada ya kuanguka huko Edinburgh akijaribu kumkwepa mwendeshaji aliyekuwa ameanguka mbele yake. Wastani wake wa mwaka huo umeandikwa kama wastani wa mwaka wowote mwingine.

Kwa hivyo ukikuta mwendeshaji aliyekuwa na 9.00 kwa kipimo cha Uingereza, akakosa msimu mmoja, kisha akarudi na 6.50, na mwaka uliofuata akapanda hadi 8.00, usiisome ile 6.50 kuwa ni kushuka. Mtu aliyevunjika mfupa hurudi kwenye kona ile ile, juu ya chombo kile kile kisicho na breki, na hutakiwa kuuachia mkono wake uongeze mafuta mahali ambapo mara ya mwisho palimwangusha. Katika wasifu wa aina hii, kupanda huko kutoka 6.50 hadi 8.00 ndiko ninakokutafuta kwanza, hata kwa mtu asiye na taji lolote, kisha ndipo ninapopandisha macho juu kutazama kama aliwahi kuwa bingwa.