Rekodi ya mkutano "kuisha muda": maana yake ni nini?

Ukirekodi mkutano wa kazi kwa Microsoft Teams, programu ya mikutano ya mtandaoni, video inahifadhiwa kwenye OneDrive au SharePoint ya ofisi, yaani hifadhi za faili za mtandaoni, na papo hapo inabandikwa tarehe ya kufutwa. Huko ndiko kuisha muda. Kama msimamizi wa mifumo hakugusa mpangilio, muda wenyewe ni siku 120 tangu faili ilipoundwa. Kuitazama hakuongezi hata siku moja, na hapo ndipo wengi wanapokosea: wanadhani faili inayofunguliwa kila wiki iko salama.

Tarehe ya kwenye boksi la dawa ikipita, dawa bado utaikuta kabatini. Rekodi haingoji mtu. Inaondoka yenyewe hadi kwenye pipa la taka la huko huko OneDrive au SharePoint, lile ambalo kompyuta zetu za Kifaransa zinaliita Corbeille.

Tuseme ofisi moja ya hapa Lubumbashi imefanya mafunzo ya usalama na wenzao wa Kolwezi tarehe 3 Machi. Umeme ukakatika katikati, nusu ya watu wakatoka, wakaambiwa, "Mtaangalia rekodi." Siku ya 120 ni 1 Julai, kesho yake ya sikukuu ya uhuru. Mfanyakazi anayeanza kazi wiki hiyo atabofya kiungo kilichotumwa Machi na hatakuta kitu. Barua pepe ya taarifa imekwenda kwa mwenye faili peke yake.

Kwa siku 90 bado inaweza kutolewa pipani, na ikirudishwa, tarehe ya kufutwa inakuwa imeondolewa. Lakini kwa nini kufika huko? Mwenye faili anaweza kufungua maelezo yake akasogeza tarehe mbele, au akaiondoa kabisa. Afanye hivyo siku ile ile ya mkutano. Kumsubiri msimamizi abadilishe muda wa ofisi nzima hakusaidii, maana badiliko lake linagusa rekodi mpya tu. Za zamani zinabaki na tarehe zake.

Kufuta kwenyewe sikupingi. Saa moja ya rekodi hula takriban MB 400, na vikao vya kila Jumatatu acha viende. Mafunzo ya usalama, hapana: hayo yapakueni. Nakala iliyopakuliwa haibebi tarehe ya kufutwa, hata ikikaa miaka kwenye diski ndani ya droo ya katibu.