Kabla ya kuchagua waya wa meno, hesabu safari

Wazazi wa Lamu wanaotuletea watoto wenye meno yaliyopandana huanza na swali moja: daktari, waya upi ni mzuri? Mimi huwauliza kwanza wanaishi wapi. Waya wowote utakaofungwa, mgonjwa atatakiwa kurudi kila baada ya wiki 4 hadi 8, kwa mwaka mmoja na nusu au miwili, na pengine zaidi. Anayetoka Faza au Kizingitini hungoja mashua, na kama mtaalamu wake yuko Mombasa, bado kuna basi. Waya uliofungwa ukaachwa bila kuangaliwa ni hatari kuliko meno yaliyopinda.

Jino halikugandana na mfupa. Limeshikwa na nyuzi laini. Waya ukilisukuma polepole, mfupa wa mbele yake huliwa na wa nyuma hujengeka upya. Kazi hiyo haina njia ya mkato, maana nguvu nyingi huweza kuufupisha mzizi.

Kwa watoto wengi mimi hupendekeza vyuma vya kawaida: vibati vidogo vinagandishwa kwenye meno, waya unapita katikati. Ni imara, na kwa kawaida bei yake ndiyo nafuu. Vya kauri vina rangi ya jino, ila huvunjika upesi, na vimpira visivyo na rangi vinavyoushika waya hugeuka njano kwa manjano ya mchuzi mara moja tu. Vifuniko angavu vya plastiki huvuliwa wakati wa kula na lazima vivaliwe saa 20 hadi 22 kwa siku. Vinamfaa mtu mzima mwenye nidhamu. Pia kuna waya wa kufungwa nyuma ya meno. Hauonekani, lakini unausumbua ulimi.

Mtoto aangaliwe akifika miaka 7. Si kwamba atafungwa waya siku hiyo. Wengi hufungwa kati ya miaka 11 na 13. Tunatazama kama ananyonya kidole, kama taya la juu ni jembamba, kama meno ya chini yanatangulia ya juu. Na tunatazama magego ya utotoni. Hapa ndipo ninapoumia zaidi. Gego likioza, jamaa husema, "Ling'oe tu, si litaota jingine?" Litaota, lakini baadhi ya magego hayo hutakiwa kukaa mpaka miaka 10 hadi 12, yakilinda nafasi. Likitoka mtoto akiwa na miaka 6, gego la nyuma huinama mbele, nafasi hufumba, na jino jipya likija hutokea pembeni. Kuliziba mapema gego lililooza, au kuweka kiwaya kidogo cha kulinda nafasi, huweza kuwaepusha na gharama kubwa baadaye.

Mtu mzima naye hajachelewa, hata akiwa na miaka 50, mradi fizi ziwe na afya. Zikitoka damu au jino likicheza, tunatibu fizi kwanza. Tofauti kubwa ya mataya ndiyo huweza kuhitaji upasuaji, kwa kuwa mifupa imeshakoma kukua.

Ukishafungwa, weka kando kashata, miwa na mahindi ya kuchoma. Miraa usiimenye kwa meno ya mbele, na tambuu ni bora uiache kabisa. Mswaki wa mti haufiki chini ya waya, kwa hiyo tumia brashi na dawa yenye floraidi. Uchafu ukikaa kandokando ya vibati huacha madoa meupe yasiyofutika. Waya ukichoma shavu na mashua ni ya kesho, bandika nta ya meno, sukutua kwa maji ya chumvi, kisha mpigie daktari. Usiukate kwa mkasi, kipande kinaweza kumezwa.

Vyuma vikitolewa, meno hutaka kurudi yalikokuwa. Utapewa kifaa cha kuyashikilia, na kwa wengi usiku kitavaliwa miaka mingi. Kioshe kwa maji baridi, kwani ya moto hukipinda, na ukikivua kitie kwenye kikopo chake.